Doa Nje ya Manda

Kioo cha rada pale Ras Kitau, kisiwani Manda ng'ambo ya Lamu, kilikuwa na masharti kuliko mganga. Kisipigwe na jua. Chumba chake kiwe na giza mchana kutwa. Mwanga wake uwe mdogo, wa kuona tu. Na kila siku picha isogezwe kidogo, leo huku, kesho kule, maana picha ikikaa mahali pamoja siku nyingi kioo huungua, na kikishaungua ndiyo basi, kovu halitoki. Mzungu aliyekifunga aliyasema hayo yote asubuhi ya kuondoka kwake, akayasema upesi upesi kama mtu anayeogopa kuachwa na ndege, na Patroba akaitikia "ndiyo, bwana" kwa kila sharti, hata lile ambalo hakulisikia vizuri.

Patroba alikuwa mtu wa Kisii, na kabla ya kuletwa Lamu alikuwa hajaiona bahari. Serikali ilimpa kazi ya kuiangalia. Ilikuwa miaka ile ya machafuko ya kaskazini, vyombo havikuruhusiwa kutoka ovyo, na kioo kile kilikaa macho usiku na mchana kikichora pwani ya Manda na kila kilichoelea mbele yake. Mstari wa mwanga ulizunguka polepole, na kila ulipopita juu ya chombo, chombo kiling'aa kama cheche, kisha kikafifia, kikangoja mstari urudi. Kazi ya Patroba ilikuwa kuketi, kutazama, na kusema alichokiona.

Tabu ilikuwa dirisha. Serikali iliyopata fedha za rada haikupata fedha za pazia. Patroba alimwomba msimamizi wake, Bwana Hudson, mtu wa bara kama yeye, kitambaa cheusi, Bwana Hudson akasema ameshaomba Mombasa. Alipomwuliza tena, akasema Mombasa wameshaomba Nairobi. Siku zikapita, jua likaingia, na Patroba akawa anajifunika kichwa kwa koti lake ili aone, akitoka jasho humo ndani mpaka shati likamganda mgongoni.

"Lakini Baba Rael, mji mzima umejaa nguo nyeusi," mkewe Kwamboka alimwambia. "Kitambaa tu ndicho kinakushinda?"

Walikuwa wamepanga vyumba viwili vya chini Wiyoni, nyumbani kwa Bi Mahfudha, mjane aliyeishi juu na mwanawe Khatib. Kwamboka alipanda ngazi, akamwambia anatafuta nguo nyeusi kuukuu ya kuziba dirisha. Bi Mahfudha akafungua sanduku, akatoa buibui lililochanika mabega.

"Twaa hili, mwanangu. Mimi silivai tena. Joto la mtana huwa ni adhabu kwa mtoto."

Hakuuliza ni dirisha gani, na Kwamboka hakusema. Kwa Kwamboka kitambaa kilikuwa kitambaa.

*

Lilitundikwa asubuhi, na kwa mara ya kwanza chumba cha rada kikawa na giza la haki. Patroba alipunguza mwanga wa kioo, akaisogeza picha kama alivyoagizwa, akaketi amenyoosha miguu. Alijiona bwana.

Wazir, aliyeendesha motaboti ya serikali, alikuja kuleta maji ya kunywa. Alikuwa mtu wa Lamu, mpole, mwenye adabu zake. Alilitazama dirisha. Aliziona kamba za buibui zinaning'inia kwa nje zikipepea, na mtu aliyezaliwa Lamu hahitaji kuambiwa nguo ile ni nini, wala, akijua Patroba amepanga kwa nani, hahitaji kuambiwa ni ya nani. Alitua madumu, akasema "haya, kwaheri," akaenda zake. Patroba alipofika nyumbani alasiri ile, Khatib alikuwa amesimama mlangoni.

"Bwana Patroba," Khatib alisema, "mimi na wewe tumekosana wapi?"

"Hatujakosana, ndugu yangu."

"Basi buibui la mama yangu ndilo bendera ya serikali kule Ras Kitau? Kila mwanamume apitao na chombo chake alitizama, aulizana, ni la nani hilo? Na jawabu walipata!"

Majirani walikuwa wameshatoka. Wengine walijifanya wanafagia. Kwamboka alisimama kizingitini, Rael mgongoni, na sahani ya dagaa mkononi ambayo hakujua aiweke wapi.

"Ni mimi niliyeomba," alisema Kwamboka. "Sikujua ni makosa. Kwetu nguo ikichakaa…"

"Kwenu ni kwenu, Mama Rael."

Sauti ya Bi Mahfudha ikatoka juu, nyuma ya dirisha. "Khatib, wata maneno ya ndiani. Nalimpa mwenyewe."

"Ulimpa kwa dirisha la nyumba, mama! Hukumpa akalitundike kituo cha serikali!"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na siku ile kamba ilivutwa mbele ya mtaa mzima. Patroba alisema samahani, akaisema tena, kisha akarudi pwani kumtafuta Wazir amvushe akalitungue buibui. Wazir alimvusha bila kumtazama usoni. Buibui likarudishwa limekunjwa. Khatib alilipokea kwa mkono wa kushoto, na tangu hapo yeye na Patroba walisalimiana kwa kukohoa.

*

Jua likarudi chumbani, na siku hizo lilikuwa kali. Patroba hakutaka tena kujifunika koti, alikuwa amechoka kuwa kichekesho. Alifanya kile ambacho kila mtu angefanya: alishika swichi ya mwanga akaizungusha mpaka mwisho. Picha ikawaka. Sasa aliweza kuiona hata jua likiwa limemwagika juu ya meza.

Bwana Hudson naye akaleta ufundi wake. Alikuwa amechoshwa na kuulizwa kwa simu kama chombo fulani kimevuka mpaka au hakijavuka, akachukua kalamu ya nta akauchora mpaka wenyewe juu ya kioo, mstari mwekundu unaozunguka Manda kwa nje.

"Sasa hata mtoto ataona," alisema. "Chombo kikigusa nyekundu, piga simu."

"Lakini bwana, nikisogeza picha, mstari wako utakuwa juu ya nchi kavu."

"Basi usisogeze."

"Yule mzungu alisema kitaungua."

"Yule mzungu yuko wapi?"

Patroba hakubishana. Na tuseme kweli, hakubishana kwa sababu mstari ule ulimpunguzia kazi. Picha ikakaa palepale, mwanga ukiwa umefunguliwa wote, mchana na usiku, zamu yake na zamu za wenzake. Msimu ule kulikuwa na meli ndogo ya kupima kina cha bahari imetia nanga nje ya Manda, karibu na mafungu ya mchanga yanayovunja mawimbi. Kila mstari ulipozunguka, meli iling'aa mahali pake, imetulia kama mwenye nyumba.

Siku moja Bwana Hudson aliingia akauliza kama meli imeshang'oa nanga, maana ilikuwa iondoke tangu asubuhi.

"Haijaondoka, bwana. Hiyo hapo."

Bwana Hudson alitoka na darubini. Alikaa nje kitambo, kisha akarudi uso umebadilika.

"Patroba, njoo utazame."

Bahari ilikuwa tupu. Wakarudi ndani, na doa lilikuwa palepale. Patroba alishika swichi ya kusogeza picha, akaizungusha kidogo. Manda ikasogea. Lakini Manda nyingine ikabaki pale ilipokuwa, rangi ya kahawia, imefifia, kila ghuba yake na kila ras yake, na doa la meli likabaki nayo. Kulikuwa na Manda mbili katika kioo kimoja, moja hai na moja imekufa.

"Rudisha," alisema Bwana Hudson. "Rudisha upesi!"

Patroba akairudisha. Manda hai ikailalia iliyokufa, ikaifunika barabara, pasionekane kitu.

Bwana Hudson alikaa juu ya meza. Alikuwa mtu mnene, na meza ililalamika. "Mkaguzi anakuja kutoka Mombasa," alisema. "Ukisogeza picha mbele yake, sote wawili tunarudi kwetu kulima. Na kioo watakikata kwenye mshahara wako, utakilipa wewe, atakilipa Rael, watakilipa na wajukuu. Umenielewa? Usiposogeza, nani atajua?"

"Na lile doa la meli, bwana? Lile halina cha kulifunika."

Bwana Hudson alifikiri. "Ni mwamba."

"Pale hakuna mwamba."

"Mtu wa Mombasa atajuaje miamba ya Manda?"

La kuvunda halina ubani, wazee wamesema, lakini wazee hawakuwa na mshahara wa serikali. Patroba alimwambia mkewe jioni ile, na Kwamboka aliuliza jambo moja tu: kama mkaguzi atakaa sana. Tangu hapo Patroba aliizoea Manda yake ya kufunikia. Aliizoea hata ile alama, akawa halitazami tena doa, kama mtu asivyoitazama pua yake. Alihisi kitu ndani yake kimekufa ganzi, si hofu wala haya, ganzi tu, na akaona ni nafuu.

*

Asubuhi ya ukaguzi Bi Mahfudha alikuwa ameketi kwenye baraza ya ukumbi wa chini, akichambua mchele. Patroba alikuwa amepiga pasi shati lake mwenyewe kwa kuwa Rael alikuwa na homa na Kwamboka alikuwa hajalala.

"Bwana Patroba," Bi Mahfudha alimwita. Kwake yale ya buibui yalikuwa yameshapita. "Khatib yuwaya yeo, yuwarudi kutoka Mbwajumali ya Pate. Mayi yamepwa, mlango wa Mkanda u mkavu, hana budi kuzunguka nde ya Manda. Yu peke yake na kimashua chake, na ile mashine yake siiamini. Wewe una jito kubwa kule. Mtizamie mwanangu."

"Nitamtazamia, Bi."

"Mngu akuweke."

Alisema "nitamtazamia" jinsi mtu anavyoitikia salamu. Njiani aliwaza shati lake.

Mkaguzi, Bwana Kariuki, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, mchangamfu, amechomwa na jua tangu uwanja wa ndege hadi kwenye motaboti, na alipoingia chumbani jambo la kwanza alilosema ni kwamba anasikia kiu. Bwana Hudson alikuwa ameagiza chai na mahamri kwa mwanamke mmoja wa Shela. Wakakaa. Bwana Kariuki alikagua mitambo, akapiga mipira ya waya kwa kidole, akauliza kuhusu mafuta ya jenereta, kisha akavuta kiti mbele ya kioo, kikombe mkononi.

"Picha nzuri," alisema. "Inang'aa sana, lakini nzuri. Hii ndiyo Manda?"

"Ndiyo, bwana."

"Na hiki hapa nje?"

"Mwamba," Bwana Hudson alijibu kabla Patroba hajavuta pumzi.

Bwana Kariuki akaitikia kwa kichwa, akamega hamri. Mstari wa mwanga ukazunguka, ukapita juu ya doa. Na doa likang'aa.

Patroba alikaa wima. Doa lililoungua haling'ai. Lilikuwa la kahawia siku zote, mstari upite usipite, lilikuwa kama kovu la moto kwenye ngozi. Alingoja mstari urudi. Ukarudi, na doa likawaka cheche, likafifia polepole kama kinavyofifia chombo halisi, likabaki kovu lake. Alijiambia ni macho. Alijiambia ni jua. Adhuhuri ilikuwa imepita, na upepo wa nje ulikuwa umeanza kuamka.

Ilikuwa rahisi kujua. Kuzungusha swichi kidogo tu: kama ni kovu litabaki na Manda iliyokufa, kama ni chombo kitasogea na Manda iliyo hai. Hata kuhesabu hakuhitajiki. Mkono wa Patroba ulikwenda wenyewe ukaishika swichi.

"Patroba," alisema Bwana Hudson kwa sauti ya taratibu kabisa. "Mwongeze mgeni chai."

Akaiachia swichi. Aliinuka, akachukua birika, akamimina. Hakumwaga hata tone.

Walizungumza juu ya Mombasa, bei ya nyumba, na mtu fulani waliyemjua wote wawili ambaye alioa mara ya pili. Mstari ulizunguka. Doa liliendelea kung'aa. Alasiri ikaingia, sauti ya mwadhini wa Shela ikavuka mkondo na upepo, ikafika chumbani kidogo kidogo, na hata hapo Bwana Kariuki alikuwa bado na kikombe. Akainama mbele ya kioo.

"Huu mwamba wenu unawaka kweli."

"Maji yakipwa hujitokeza, bwana," alisema Bwana Hudson, akicheka.

"Sasa si yanajaa?"

Bwana Kariuki akageuka kumtazama Patroba, kwa uso wa mtu anayeuliza tu, asiyetaka kumkamata mtu. "Wewe ndiye unayekaa hapa kila siku. Unasemaje?"

Kwa miaka mingi baadaye Patroba angelikumbuka swali hilo, na kilichomuuma ni kwamba liliulizwa kwa upole. Angefokewa pengine angesema kweli.

"Ni mwamba, bwana," alisema.

Baada ya hapo hakutazama tena kioo. Alikusanya vikombe.

*

Motaboti ilipoondoka na mkaguzi, Bwana Hudson alimpiga Patroba begani. "Mwanamume," alisema. Patroba aliingia ndani, akazungusha swichi. Manda hai ikasogea. Manda iliyokufa ikabaki, na doa likabaki nayo, la kahawia, kimya. Alingoja mstari upite, ukapita, ukapita tena. Mbele ya Manda iliyo hai bahari ilikuwa tupu.

Basi yalikuwa macho, alijiambia. Akaja mwenzake wa zamu, yeye akavuka kurudi nyumbani. Bi Mahfudha alikuwa mlangoni, ameshawasha taa ya ukumbini kabla ya wakati wake.

"Umemuona?"

"Sijamwona, Bi. Labda amelala Mbwajumali."

"Labda," alisema Bi Mahfudha. "Hupenda kulala kwa watu huyo."

Kesho yake wavuvi wa Shela waliiona mashua ya Khatib juu ya fungu la mchanga nje ya Manda, tumbo juu. Kamba ya nanga ilikuwa imekatika, mashine imefunguliwa kifuniko, na bisibisi imefungwa kwa kamba kwenye ubao, alivyokuwa akihangaika nayo. Khatib mwenyewe hakuonekana. Walimtafuta mpaka ng'ambo ya Pate, na bahari haikutoa hata kofia.

Koplo wa polisi alikuja Ras Kitau kuuliza kama kituo kiliona chombo chochote nje ya Manda siku ile.

"Bahari ilikuwa tupu," Bwana Hudson alijibu. "Mkaguzi wa Mombasa mwenyewe alikuwa ameketi hapa. Mwulize."

Koplo akamtazama Patroba. Patroba akainamisha kichwa, na koplo akachukulia kuwa ni kukubali. Huenda ilikuwa.

Nyumba ilijaa watu. Wanawake walipanda na kushuka ngazi, hitma ikasomwa bila jeneza, na Kwamboka akawa ndiye wa kuteka maji, kuosha masufuria na kupuliza moto, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoweza kupewa asiyejua Yasini. Wazir alikuja, akakaa na wanaume. Alipomwona Patroba alimpa mkono na kusema, "Aliyekukasirikia hayupo tena, Bwana Patroba. Lile la buibui na lizikwe." Patroba aliushika mkono ule, hakujua la kuufanyia.

Kwamboka alimwekea ugali, akala. Akamwekea wali, akala. Vyote vilikuwa na ladha moja. Asubuhi moja alishika kikombe cha chai ya moto mpaka Kwamboka akamnyang'anya. "Unaungua, wewe!" Alitazama vidole vyake vimekuwa vyekundu. Kweli, alikuwa anaungua.

Ndipo alipomweleza. Walikuwa chumbani, Rael amelala kati yao, na juu kulikuwa na nyayo za Bi Mahfudha zikienda na kurudi. Kwamboka alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa yeye?"

"Nani mwingine?"

"Unaweza kuwa umekosea."

"Liling'aa, Mama Rael. Nililiona. Na mkono ulikuwa juu ya swichi."

Kwamboka alimvutia Rael shuka. "Usimwambie," alisema hatimaye. "Ukimwambia atamzika mara ya pili. Na sisi tutatolewa nje na vyombo vyetu, mbele ya wale wale."

"Anaponipa salamu nashindwa kumeza mate."

"Basi tuhame. Wewe hama kwanza, kumeza utajifunza huko mbele."

Riziki ikawaitikia kama vile inafanya mzaha. Bwana Kariuki aliandika sifa za kituo, na Bwana Hudson akapata neno kwa wakubwa: Patroba apewe nyumba ya serikali, ya mabati, yenye bomba lake. Kioo kipya nacho kingeletwa, maana Bwana Kariuki aliona kile cha zamani "kimefanya kazi sana." Hakuna aliyeulizwa. Hakuna aliyekatwa hata senti. Patroba alisikia habari hizo zote kwa mpigo, akasema asante, na Bwana Hudson akaona mtu huyu hana furaha hata kidogo.

*

Siku ya kuhama walileta punda wawili. Kwamboka alikuwa ameshafunga masufuria ndani ya shuka. Hamali mmoja alikuwa akifunga miguu ya kitanda, na Patroba alisimama uani akimshikia kamba, Bi Mahfudha aliposhuka kuwaaga. Alikuwa katika eda ya moyo, ikiwa neno hilo linaruhusiwa. Uso ulikuwa umepungua, lakini alikuwa amevaa na kujifunika vizuri, na mkononi alikuwa na kibakuli cha halwa kwa ajili ya Rael.

"Mumekuwa watu wema," alisema. "Nyumba itakuwa na kimya. Mwende salama."

Kwamboka alipokea kibakuli kwa mikono miwili. Akamtazama mumewe, akamwona ameiachia kamba, akajua.

"Baba Rael," alisema. "Punda wanangoja."

"Nilimwona, Bi," alisema Patroba.

Bi Mahfudha alimgeukia. "Ulimuona nani?"

Akamwambia. Hakupanga maneno, aliyatoa yalivyokuja: kioo kilichoungua, Manda mbili, doa lililoitwa mwamba, swichi, birika la chai. Alisema aliulizwa kwa upole na akajibu kwa ulimi wake mwenyewe. Aliutaja na uongo aliomwambia mlangoni jioni ile. Hamali aliacha kufunga kamba, akasimama na ncha yake mkononi. Patroba alipomaliza alingoja kofi, au ukelele, au mtaa kuitwa. Alivitamani. Tangu siku ile alikuwa hajatamani kitu.

Bi Mahfudha aliketi kwenye ngazi.

"Alikuwa yu hai?"

"Mashua ilikuwa wima, Bi. Ingekuwa imepinduka isingeng'aa vile."

"Ulimuona toka wakati gani?"

"Tangu baada ya adhuhuri."

"Na alasiri ilipoadhiniwa? Alikuwako?"

"Alikuwako. Nilisikia adhana, na nikamwona. Baada ya hapo sikutazama tena."

Bi Mahfudha alifunga macho. Midomo yake ilikwenda, bila sauti.

"Basi sala ya alasiri aliidiriki," alisema.

Rael alianza kulia na Kwamboka akampiga mgongo taratibu, machozi yakimtoka yeye mwenyewe bila kuyafuta.

"Tutoke tu, Bi," alisema Kwamboka. "Tunatoka sasa hivi. Hutatuona tena mtaa huu."

"Mutoke mwende wapi?" Bi Mahfudha alifungua macho, akamtazama hamali. "Wewe, hebu teremsha zombo hizo."

"Bi?" alisema Patroba.

"Nti hini nzima yanambia mwanangu hayuko. Polisi wanambia bahari ilikuwa tupu. Sheikh anambia nisubiri. Wewe pekee ndiye unambiye alikuwako, na hata saa yake waijua." Sauti yake haikupanda. "Na wewe wataka kuhama? Nikitaka kumuuliza mwanangu nimuulize nani, punda?"

"Bi, mimi ndiye niliyemwacha…"

"Nimesikia. Sikukusamehe, usinifahamu vibaya. Kusamehe ni jambo lingine, na si la yeo." Alishika ukuta, akainuka. "Utaketi hapa. N'takushukia asubuhi n'kuulize, na wewe utanambia, kama ulivyonambia sasa, tangu adhuhuri mpaka alasiri. Usizidishe na usipunguze."

Alipanda ngazi moja moja, akaingia ndani. Hamali alimtazama Patroba, Patroba akamtazama mkewe, na Kwamboka akaweka kile kibakuli chini, akaanza kulifungua shuka la masufuria. Patroba alishika kitanda upande mmoja, hamali upande mwingine, wakakirudisha chumbani.